Kuandika Juu ya Chuma kwa Mwanga wa Leza: Somo la Mwanzo

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne



Mhariri wa gazeti letu aliponitaka niandike jambo la elimu litakalowafaa wanafunzi wenzangu, nilifikiri sana. Wengi wetu hupenda kuandika habari za michezo na safari. Mimi nimeonelea niandike juu ya kazi niliyojifunza katika likizo mbili zilizopita, nayo ni kazi ya kuchora majina na namba juu ya chuma kwa kutumia mwanga. Huenda wengine watacheka na kusema, "Mwanga unawezaje kuchora chuma?" Hata mimi nilicheka hivyo hivyo. Lakini natumaini kwamba kila atakayesoma makala haya mpaka mwisho ataelewa jinsi kazi hii inavyofanyika, na kwa nini imetuhusu sisi watu wa nchi ya dhahabu.

SABABU ILIYONIPELEKA KWENYE KAZI HII

Kaka yangu mkubwa ni mchimbaji mdogo wa dhahabu katika mkoa wa Geita. Kila mwenyeji wa upande huu anayajua maisha ya duara: shimo jembamba linalokwenda chini, kuta zake zimeshikiliwa kwa matimba ya miti, na watu huteremka kwa kamba alfajiri na kupanda jioni. Desemba iliyopita mvua zilikuwa nyingi, na siku moja upande mmoja wa duara lao ukaporomoka.

Watu walikimbia kuja kuokoa. Swali la kwanza likawa, "Chini wako wangapi, nao ni akina nani?" Hakuna aliyejua. Basi wakahesabu kandambili zilizoachwa mdomoni mwa duara, wakaona jozi tatu, wakaanza kuchimba kuwatafuta watu watatu. Baada ya saa nyingi wawili walitolewa wakiwa hai, na mmoja wao alikuwa kaka yangu. Wote wawili walisema kuwa chini hapakuwa na mtu mwingine, lakini waokoaji hawakusadiki, kwani jozi ya tatu ilikuwa bado pale. Wakaendelea kuchimba chini ya ukuta uliokuwa ukidondosha mawe, hata mwenye kandambili zile alipotokea akitembea kwa miguu yake mwenyewe. Alikuwa amebadili viatu, akavaa mabuti, akaenda kula kwa mama lishe. Watu wanane walikuwa wameziweka roho zao rehani kwa ajili ya kandambili.

Hatari hii si ngeni kwetu. Wazazi wetu wanakumbuka habari za Nyangalata, wilaya ya Kahama, mwaka 2015, ambapo wachimbaji walifukiwa na watano kati yao wakatolewa hai baada ya siku 41. Watu wengi walikuwa wamekwisha kukata tamaa.

Katika migodi mikubwa ya chini ya ardhi kuna desturi ya zamani. Kila mtu ana kipande chake chenye namba. Anaposhuka hukitundika ubaoni, na anapopanda hukitwaa. Kwa hiyo ubao wenyewe husema ni nani walio chini, hata kama msimamizi amesahau. Kaka yangu aliniuliza kama sisi nasi tungeweza kupata vipande vya namna hiyo kwa watu 24 wa duara lao. Karatasi hulowana, na rangi hubanduka. Ilibidi maandishi yawe ndani ya chuma chenyewe. Ndipo nilipomwendea mjomba wangu, ambaye ana karakana ndogo mjini Shinyanga, na kazi yake ni kuandika vikombe vya mashindano, vibao vya milango na majina ya pikipiki.

LEZA NI NINI?

Kila mwanafunzi amewahi kushika lenzi juani na kuunguza karatasi. Miale ya jua inapokusanywa mahali padogo, joto huzidi mpaka karatasi ikashika moto. Leza hufuata njia hiyo hiyo, lakini mwanga wake ni wa namna nyingine. Mwanga wa jua umechanganyika rangi zote na huenda kila upande, kama watu wanaotoka mnadani, kila mmoja na njia yake. Mwanga wa leza ni wa rangi moja, na mawimbi yake huenda pamoja kama askari wa gwaride, mguu kwa mguu. Kwa sababu hiyo lenzi huweza kuukusanya katika nukta ndogo mno.

Elimu yake ilianza mwaka 1917, pale mtaalamu Albert Einstein alipoeleza kwamba chembe yenye nguvu ndani yake yaweza kuchochewa na mwanga ili itoe mwanga mwingine ulio sawa na ule wa kwanza. Lakini mtambo wenyewe haukupatikana mpaka tarehe 16 Mei, 1960, mwaka mmoja kabla ya Uhuru wa Tanganyika, ambapo Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza huko California, Marekani, kwa kutumia kijiti cha rubi iliyotengenezwa na watu.

Mashine ya mjomba haina rubi. Ina uzi mrefu wa kioo uliozungushwa kama kamba ya kuanikia nguo iliyokunjwa, na ndani ya kioo hicho mna kiasi kidogo cha madini yaitwayo iterbiamu. Taa ndogo maalumu huingiza mwanga katika uzi, iterbiamu huchochewa, na mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita kama 1,064 hutoka upande wa pili. Kisha hupiga vioo viwili vidogo vinavyogeuzwa na mota kwa amri ya kompyuta, kimoja kwa upande wa kushoto na kulia, kingine kwa mbele na nyuma. Mwisho hupita katika lenzi na kutua juu ya chuma. Kalamu ya mashine hii, basi, ni vioo viwili vinavyocheza. Mkono hauigusi kazi kabisa.

HESABU YA NGUVU YAKE

Mashine hii ni ya wati 20 tu. Taa ya wati 20 haiwezi kuunguza hata karatasi. Inakuwaje basi mwanga huu uyeyushe chuma, ambacho huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,538 za sentigredi? Mwalimu wetu wa fizikia alinisaidia kufanya hesabu hii, na kila mwanafunzi aweza kuifuata.

Mwanga huu hautoki mfululizo. Hutoka kwa mapigo, na tuseme mapigo 20,000 katika sekunde moja. Kwa hiyo kila pigo lina nguvu ya 20 ÷ 20,000, yaani jouli 0.001. Ni kidogo mno. Lakini pigo lenyewe hudumu kiasi cha nanosekunde 100, yaani sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde. Tukigawanya jouli 0.001 kwa muda huo, tunapata wati 10,000. Na wati hizo zote hutua juu ya nukta yenye upana kama wa unywele mmoja.

Mfano wake ni shoka. Mtu akiliegemeza shoka juu ya gogo mchana kutwa, gogo halipasuki. Akiliinua na kulipiga kwa dharuba moja, linapasuka, ingawa uzito wa shoka ni ule ule. Kila pigo la leza ni dharuba moja. Chuma cha mahali pale huyeyuka na kugeuka mvuke kabla joto halijapata nafasi ya kuenea, na ndiyo maana ukikigusa kipande mara baada ya maandishi machache, huenda ukakikuta na uvuguvugu tu.

SI KILA MASHINE HUCHORA CHUMA

Hapa ndipo wanaoanza hupoteza fedha zao, hata mzazi anayetaka kumfungulia mwanawe kazi hupotea. Mashine za leza zinafanana kwa sura, lakini hazifanani kwa kazi.

Iko mashine ya bomba la gesi ya kabonidayoksaidi, ambayo Kumar Patel aliivumbua Marekani mwaka 1964. Wimbi lake ni refu, kiasi cha nanomita 10,600. Hukata na kuchora mbao, ngozi, vitambaa na plastiki ya vibao kwa uzuri sana. Lakini chuma kitupu hulirudisha wimbi hilo kama kioo kirudishavyo sura. Ili iandike juu ya chuma, hupakwa kwanza dawa maalumu ambayo huungua na kugandamana na uso wa chuma.

Iko pia mashine ndogo ya mwanga wa buluu, ambayo ni rahisi kwa bei. Hii hufaa mbao na karatasi ngumu, na juu ya chuma huweza kuondoa rangi tu, au kuacha alama ya juu juu.

Mashine ya uzi wa kioo ndiyo ya chuma. Juu ya aluminiamu iliyotiwa rangi huandika maandishi meupe yanayong'aa. Juu ya shaba nyeupe na shaba ya manjano huchimba vizuri. Lakini haiwezi kukata mbao wala plastiki inayopenya mwanga. Kwa hiyo yafaa mtu ajiulize kwanza anataka kuandika juu ya kitu gani, ndipo atafute mashine.

MACHO KWANZA

Siku ya kwanza mjomba hakunionyesha mashine. Alinionyesha msumari ukutani. Juu ya msumari ule ilitundikwa miwani ya kinga, na ufunguo wa mashine ulikuwa umefungwa kwa kamba kwenye miwani hiyo. "Mpwa wangu," akasema, "hapa huwezi kuupata ufunguo bila kuishika miwani. Nimefanya hivyo kwa sababu najua nami ni binadamu, nitasahau."

Nikamwuliza, "Lakini mjomba, mbona mwanga wenyewe nauona ni mwekundu na mdogo tu?"

Akanieleza kwamba ule mwekundu ni wa kuonyesha mahali, si wa kazi. Mwanga wa kazi hauonekani kabisa, kwani jicho la mtu huona mawimbi ya nanomita 400 hadi 700 au zaidi kidogo tu, na huu ni wa 1,064. Hatari yake iko hapo hapo. Mwanga mkali wa kawaida hutufanya tufumbe macho mara moja. Huu haumwonyi mtu. Hupita katika lenzi ya jicho, nayo lenzi huukusanya juu ya retina, kule nyuma, kama vile tunavyokusanya jua juu ya karatasi. Retina ikiungua hairudi. Wala si lazima mtu atazame ndani ya mashine. Mwanga uliorudishwa na uso wa chuma kinachong'aa watosha.

Miwani ya jua haisaidii kitu. Miwani ifaayo ni ile iliyoandikwa juu yake urefu wa wimbi inalozuia, na lazima 1,064 iwemo katika orodha hiyo. Pia mashine ifungwe ndani ya sanduku lenye dirisha la kinga, na watu wanaopita wasiachwe wakasimama kuchungulia.

Jambo la pili ni moshi. Chuma kinachogeuka mvuke huwa vumbi laini mno liingialo mapafuni, kwa hiyo feni ya kufyonza na bomba la kuutoa moshi nje ni sehemu ya mashine. Bati lililopakwa zinki hutoa moshi unaoleta homa. Plastiki ya mabomba ya maji isiwekwe kamwe chini ya leza, kwani hutoa gesi ya sumu ambayo huumiza kifua na kuozesha mashine.

HATUA ZA KAZI

Sasa nitaeleza hatua kwa utaratibu, kama nilivyofundishwa.

Kwanza, safisha kipande kwa spiriti na kitambaa. Mafuta ya vidole huharibu maandishi.

Pili, andika maneno katika kompyuta, kisha mpe mtu mwingine ayasome. Mimi niliandika jina la mchimbaji mmoja kwa R mahali pa L, kama sisi Wasukuma tunavyochanganya mara nyingi tunaposema. Kompyuta haikuniambia kitu. Kosa lile limo katika chuma mpaka leo, nami nilifanya kipande kingine.

Tatu, weka lenzi katika urefu wake. Lenzi ya mashine yetu ina urefu wa fokasi wa milimita 160, na huandika eneo la kiasi cha milimita 110 kwa 110. Ikipanda au kushuka kidogo, nukta hupanuka na nguvu hupungua. Mjomba huchukua chuma kibovu, akavaa miwani, akapandisha na kushusha kichwa cha mashine polepole. Mahali ambapo cheche zinang'aa zaidi na mlio unakuwa mkali zaidi, ndipo hasa.

Nne, jaribu juu ya chuma kibovu cha aina ile ile. Kuna mambo manne ya kupanga: nguvu, mwendo, idadi ya mapigo kwa sekunde, na nafasi kati ya mistari. Chora vijisanduku vingi, kila kimoja kwa mpango wake, na uandike chini yake mpango huo. Chuma kile kiwe kitabu chako. Cha mjomba kimetundikwa juu ya meza, naye hukitazama kabla ya kila kazi.

Tano, tumia mwanga mwekundu kuonyesha mipaka ya maandishi, ukibane kipande vizuri, ndipo uanze.

Sita, usikiondoe kipande mpaka umekikagua. Siku moja umeme ulikatika katikati ya kazi. Kwa haraka yangu nilikitoa kipande kukitazama. Uliporudi, sikuweza kukirudisha mahali pake hasa, na namba 14 ikawa na kivuli kama ya mtu anayeona mbili mbili. Ningekiacha palepale, kazi ingeanza tena juu ya mistari ile ile.

KOSA LANGU KUBWA

Kabla ya kurudi shuleni Januari nilimaliza vipande 24 vya chuma kisichoshika kutu, kila kimoja na jina na namba. Maandishi yalikuwa meusi na ya kupendeza mno. Nilijiona fundi. Siku ya wazazi, mwezi wa nne, kaka yangu alikuja kunitazama. Baada ya salamu akatoa kipande mfukoni, akaniwekea kiganjani. Namba ilikuwa karibu imefutika.

Nilishangaa sana, kwani nilidhani mwanga umechimba ndani. Kumbe nilikuwa nimechagua njia ambayo haichimbi. Leza huweza kuandika kwa njia mbili. Njia ya kwanza, mwanga huchoma uso wa chuma polepole bila kuondoa kitu, na joto hufanya utando mweusi. Ukipitisha ukucha juu yake, husikii kitu. Njia hii hufaa vijiko, saa na vyombo vya hospitali. Joto likizidi, hata chuma kisichoshika kutu hupoteza kinga yake na huweza kushika kutu palepale penye maandishi. Njia ya pili, mwanga huondoa chuma chenyewe tabaka kwa tabaka na kuacha mfereji.

Vipande vyangu vilikaa mifukoni pamoja na mchanga wa duara. Dhahabu ya kwetu mara nyingi hukaa katika mawe meupe ya kwatzi, na kwatzi ni ngumu kuliko chuma. Kila hatua ya mchimbaji ilikuwa kama msasa juu ya namba yangu. Kaka yangu hakunilaumu. Alicheka akasema, "Mdogo wangu, sisi kwetu asiyechimba hapati kitu."

Usiku ule sikulala vizuri. Niliwaza, je, kama ukuta ungeporomoka tena, na ubaoni pana vipande visivyosomeka? Watu wangekuwa wameviamini kuliko kandambili, na vingewadanganya zaidi ya kandambili. Alama mbovu ni hatari kuliko kukosa alama.

Likizo ya Juni nilivirudia vyote. Tulizidisha nguvu, tukapanga mapigo yawe karibu 20,000 kwa sekunde, na nafasi ya milimita 0.04 kati ya mistari. Kila pito liliondoa unene mdogo sana, kwa hiyo tulirudia mara 15, na kila mara tukageuza upande wa mistari ili chini ya mfereji pawe sawa. Mwishoni tulipitisha mwanga kwa nguvu ndogo kuondoa masizi, tukasugua kwa brashi ya waya. Kina kilifika kiasi cha sehemu moja ya kumi ya milimita. Ni kidogo, lakini ukipitisha kidole gizani unaisikia namba. Mjomba akanikumbusha nitie mstari chini ya 6 na chini ya 9, ili mtu asisome moja kwa nyingine akiwa amekigeuza kipande.

DHAHABU NA NAMBA ZAKE

Nilimwuliza mjomba kama aliwahi kuandika juu ya dhahabu. Alisema mara chache, juu ya pete za ndoa, na si kazi rahisi. Dhahabu hurudisha karibu mwanga wote wa wimbi hili, kwa hiyo pigo lazima liwe kali, na fundi awe mwangalifu kwa macho yake kuliko siku zote. Nami nimeona katika vitabu jambo la kuchekesha: dhahabu huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,064 za sentigredi, na mwanga wa mashine yetu ni wa nanomita 1,064. Namba hizi mbili hazina undugu wowote, zimekutana tu njiani, lakini zinafaa kwa kukumbuka wakati wa mtihani.

Ufundi wa vyuma si mgeni katika nchi hii. Zamani Warongo wa upande wa Geita na Uzinza waliyeyusha mawe ya chuma na kufua majembe yaliyofika Usukuma na Unyamwezi. Siku hizi dhahabu ya wachimbaji wadogo hupimwa na kuandikwa katika masoko ya madini, kama lile la Geita lililofunguliwa Machi 2019. Na tarehe 13 Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kiwanda cha kusafisha dhahabu jijini Mwanza. Mche wa dhahabu iliyosafishwa huandikwa juu yake usafi na namba yake peke yake. Katika viwanda vya duniani namba hiyo hugongwa kwa mhuri au huandikwa kwa leza. Mche ukipotea, namba yake husaidia kuutambua.

Hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Mche wa dhahabu hupewa namba ili usipotee. Mtu aliyeichimba dhahabu hiyo anastahili angalau namba moja ubaoni, iliyochimbwa vizuri, ili naye asipotee.

MWISHO

Ubao sasa uko mdomoni mwa duara, una misumari 24. Sidai kwamba mashine imemaliza hatari. Mwezi wa saba, kaka yangu aliniambia, kipande namba 17 kilibaki ubaoni jioni baada ya wote kupanda. Kazi ilisimama, watu wakaita chini, wakaanza kutayarisha kamba. Ndipo mwenyewe alipopatikana, tena kwa mama lishe, amesahau kukitwaa. Alitozwa faini ya maji ya kunywa ya watu wote 24, na tangu siku ile hajasahau. Leza yaweza kuchimba namba katika chuma, lakini kutundika na kutwaa ni kazi ya mkono wa mtu, kila siku, hata akiwa na njaa.

Kwa wanafunzi wenzangu wanaopenda ufundi, nawashauri wasisubiri mpaka wapate mashine. Waanze na masomo ya mwanga, lenzi na umeme katika fizikia, kwani nimeyakuta yote mezani kwa mjomba. Vyuo vya VETA vinafundisha ufundi wa umeme na wa vyuma, na anayejua hayo hatapata shida mbele ya leza. Na atakayeingia karakana yoyote ya leza, kwanza atafute msumari wenye miwani. Asipouona, aage kwa heshima aende zake.

Nawashukuru walimu wetu, mjomba wangu, na kaka yangu aliyenirudishia kipande kibovu bila kukasirika. Kipande hicho ninacho sandukuni bwenini, na atakayetaka kukiona nitamwonyesha.